Malalamiko kuhusu saraka yenu ya nyongeza na mandhari

Moshi, 20 Agosti

Kwa Meneja,
Kitengo cha Nyongeza na Mandhari.

Ndugu Meneja,

YAH: SARAKA KUFICHA HABARI ZA NYONGEZA TUNAZOSAKINISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Huu ni mwaka wangu wa nne kuwa mteja wenu. Natengeneza tovuti hapa Moshi, nyingi zikiwa za waongoza watalii, wenye nyumba za wageni na wauza kahawa, na zote ziko kwenye huduma yenu. Sijawahi kuwaandikia kulalamika. Naandika leo kwa sababu tarehe 7 mwezi huu wageni sita kutoka Ujerumani walifika Marangu, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni niliyemtengenezea tovuti, na mama hakuwa na kitanda hata kimoja cha kuwapa.

Ilikuwa hivi. Mwezi Machi mama aliniomba tovuti ambayo mgeni ataweza kuchagua tarehe na kushika chumba mwenyewe. Nikaingia kwenye saraka yenu, ile orodha ya nyongeza, yaani programu ndogo za kuongeza kwenye tovuti, nikachukua nyongeza ya kalenda iliyokuwa juu kabisa. Ilikuwa na nyota tano. Nikaijaribu kwa tarehe 4 Aprili, barua pepe ikaja imeandikwa 04/04, nikaridhika, nikamkabidhi mama kazi yake.

Kumbe nyongeza ile huandika tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Wale Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wa kwanza kushika vyumba kupitia tovuti, walichagua 7 Agosti. Mama akapokea 08/07. Kwetu hiyo ni tarehe nane mwezi wa saba, hakuna anayeisoma vingine. Tarehe 8 Julai akatandika vitanda, akachinja kuku, akawasubiri hadi usiku. Hawakutokea, akajua wameghairi. Agosti ikaingia, kiangazi, wapanda mlima wamejaa, na vyumba vyote akawapa waliompigia simu. Ndipo akanipigia mimi: "Mwanangu, kuna wazungu sita getini na mabegi yao, wananionyesha karatasi ya kwenye tovuti yako. Niwaweke wapi?" Ikabidi awalipie vyumba vitatu kwa jirani. Fedha hizo nimemrudishia. Aibu aliyoipata mbele ya wageni sina namna ya kumrudishia.

Najua mnaweza kusema kosa ni la aliyetengeneza nyongeza, ninyi mna saraka tu. Lakini baada ya siku ile nilirudi kwenye ukurasa wa nyongeza ile nikasoma maoni yote. Kwenye ukurasa wa tano nikakuta watu watatu wakilalamikia tarehe hizo hizo. Wamefukiwa huko chini kwa sababu mnatanguliza maoni yaliyopendwa zaidi, na yaliyopendwa ni ya zamani, ya toleo ambalo halipo tena. Nyota tano zilizonishawishi zilitolewa kwa toleo hilo. Tena nyongeza yenyewe haijafanyiwa sasisho kwa zaidi ya miaka miwili, jambo nililoligundua kwa kufungua mafaili yake, maana kwenye ukurasa hamkuliandika popote. Habari mlikuwa nayo, mkaiweka mahali ambapo mnunuzi haioni.

Kuionyesha si kazi ngumu. Saraka ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, huandika kwenye kila nyongeza ilisasishwa lini mara ya mwisho na imejaribiwa hadi toleo gani, na ikiwa haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni, huweka onyo juu ya ukurasa. Hapa kwetu, hata ukienda kununua shati la mtumba soko la Memorial, muuzaji anakukunjulia, unaligeuza ndani nje, unaangalia kola na makwapa ndipo unatoa hela. Kwenu natoa hela kwanza, nakunjua baadaye.

Kutafuta nako ni taabu. Mmetuwekea menyu za Kiswahili, na niliwashukuru kwa hilo, lakini nikiandika "kalenda" kwenye kisanduku cha kutafutia naambiwa hakuna matokeo. Nikiandika kwa Kiingereza naletewa mamia, na hakuna namna ya kuchuja zilizotafsiriwa kwa Kiswahili au zinazokubali kubadili mtindo wa tarehe. Halafu nikifungua nyongeza ya ukurasa wa sita kisha nikabonyeza kurudi, narudishwa ukurasa wa kwanza na vichujio vyote vimefutika. Naanza upya. Kila kuanza upya ni picha zilezile kupakuliwa tena, na mimi natumia bando la simu. Jioni moja bando la siku nzima liliisha kabla sijalinganisha nyongeza nne. Hili la kurudi nawaomba mlirekebishe hata kabla ya mengine yote, kwa sababu linamuumiza kila mtu, kila siku.

Mandhari, yaani mionekano ya tovuti iliyo tayari, zina kasoro moja kubwa: picha za mfano zinavutia, ukishasakinisha unabaki na masanduku matupu. Andikeni wazi kwamba picha hazimo.

Lipo pia suala la taarifa za wageni. Nyongeza ile ya kalenda ilikuwa inaomba namba ya pasipoti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na mama wa Marangu anawajibika kwa taarifa anazokusanya kama hoteli kubwa inavyowajibika. Ukurasa wenu hauelezi nyongeza inakusanya nini wala inapeleka wapi. Kivinjari cha Firefox humwonyesha mtu ruhusa ambazo nyongeza inaomba kabla hajakubali kuisakinisha. Nataka na sisi tuonyeshwe.

Naomba basi tarehe ya sasisho la mwisho iwekwe pembeni ya jina la nyongeza, palepale kwenye orodha. Nyota zihesabiwe kwa toleo lililopo, maoni mapya yatangulie, na nyongeza zilizotelekezwa zisipewe nafasi ya juu. Kwa Kiswahili niko tayari kuwasaidia: nitawaandikia bila malipo maneno ambayo wateja wa huku huyatumia wanapotafuta, ili "kalenda" ilete kalenda.

Nyongeza ile nimeiondoa, mama amerudi kwenye daftari lake. Akaunti yangu imelipiwa hadi Desemba, na nina tovuti kumi na moja kwenu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne, likieleza lipi mtarekebisha na lini, ili niwaambie wateja wangu kama tubaki au tuhame.

Wenu,

Mtengeneza tovuti,
Moshi