Safari ya Aletsch sasa ni Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Jumapili inatarajiwa mvua, kwa hiyo tunakwenda kuuona mto wa barafu wa Aletsch, hapa Uswisi, Jumamosi hii.

1. Tukutane kituo cha treni cha Bern saa 1:00 asubuhi. Tunapitia Brig, kisha gari la kebo hadi Bettmeralp na kupanda mlima Bettmerhorn.
2. Mchango wa chakula faranga 15. Tiketi kila mtu yake.
3. Koti zito lazima, hata kama ni kiangazi: kileleni ni zaidi ya mita 2,600. Takataka zetu tunarudi nazo.

Wazazi, njooni na watoto tafadhali. Aletsch ndio mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alps, takriban kilomita 20, na joto linazidi kuupunguza. Natamani sana wauone.

Thibitisheni hapa kabla ya Jumatano saa 2 usiku, mkitaja idadi ya watoto.