Utafiti wa kununua unatuumiza sisi tunaoandikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa vyuo kazi zao. Kila jambo hili likizungumzwa, huzungumzwa kama ugomvi wa mwanafunzi na mhadhiri: nani kadanganya, nani kakamatwa, nani arudie mwaka. Sisi watu wa vijijini, ambao tafiti hizo zinadai kutuhoji, hatutajwi.

Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya wakulima wa kahawa huku Kibosho, Moshi Vijijini. Wanafunzi tumewazoea. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, kwa hiyo anayetafuta mada ya ushirika, kahawa au kipato cha kaya hukimbilia Kilimanjaro. Wengi wamefanya kazi ya kweli. Wamepanda na kushuka vihambani, wamekaa na kina mama wakichambua buni, wamewauliza wazee maswali ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuyafikiria. Wapo waliorudi na matokeo, tukayasoma kwenye mkutano mkuu na kubishana nayo.

Mwishoni mwa mwaka jana alikuja kijana wa chuo kimoja cha mkoa mwingine. Hakuja na dodoso. Alikuja na ripoti iliyokwisha kutiwa jalada, akaomba nimgongee muhuri kwenye barua ya kuthibitisha kwamba data alikusanya kwetu. Nikamwambia niisome kwanza. Ndani tulikuwemo: umri wa wanachama wetu, elimu yao, asilimia ya walioridhika na bei, majedwali yamenyooka. Katika wanachama wetu hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa ameulizwa. Ripoti ilisema mahojiano yalifanyika mwezi Machi, wakati wa mavuno. Machi huku kwetu tunasubiri masika. Kahawa tunaichuma kuanzia katikati ya mwaka kwenda mwishoni. Sehemu ya magonjwa haikutaja chulebuni wala kutu ya majani, ambayo hata watoto wetu wa shule ya msingi wanayajua kwa sababu wanatumwa kubeba maji ya kupulizia dawa. Mwisho, mapendekezo: wakulima wapewe elimu.

Muhuri sikugonga. Kijana aliinama, akasema, "Baba, hii nimeandikiwa." Alilipa kwa sura, sura ya nne ikiwa ghali kuliko zote kwa sababu ndiyo yenye majedwali. Aliyemwandikia hawajawahi kuonana. Walielewana kwa WhatsApp na fedha zikaenda kwa simu.

Sikumfokea, na sitaki barua hii isomwe kama ya kuwatukana vijana. Alinieleza kwamba msimamizi wake ana wanafunzi wengi mno, anasoma kurasa za mwanzo na kusaini. Fedha za utafiti zilimfikia zimechelewa. Kiingereza cha kuandikia kinampa shida, ingawa anaongea mambo ya maana kabisa ukimwacha aongee Kiswahili. Na huyo mwandishi wa kulipwa mara nyingi ni mhitimu asiye na ajira, mwenye uwezo mkubwa. Jirani zetu Kenya, vijana wengi wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kupitia intaneti. Inaniuma kuona akili kama hizo zikitumika kujaza jina la mtu mwingine. Lakini shida ya mwandishi na shida ya mnunuzi hazinifanyi nikubali wakulima wetu watungiwe majibu.

Maana ripoti ile haiishii kabatini. Mwenye cheti kile kesho ataajiriwa na halmashauri kama afisa kilimo au afisa maendeleo ya jamii, na atakuja kutushauri. Mwanafunzi mwingine atainukuu. Mradi utapangwa kwa kutazama kwamba wakulima wa Kibosho "wameridhika na bei". Nani aliwauliza?

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na nchi nzima ilitikisika. Hili la leo uhakiki wa namna ile hauwezi kuligusa. Cheti ni halali, namba ni halali, chuo kinakitambua. Kazi iliyokizaa ndiyo si ya mwenye jina. Programu kama Turnitin nazo hukamata maneno yaliyonakiliwa kutoka mahali pengine, lakini kazi iliyoandikwa upya kwa malipo inaweza kupita bila shida. Na tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ilipotoka mwishoni mwa 2022, hata mwandishi wa kulipwa si lazima tena ahangaike.

Wenzetu wameanza kumgeukia muuzaji. Australia ilitunga sheria mwaka 2020 yenye adhabu ya kifungo hadi miaka miwili kwa anayefanya biashara hii, na Uingereza ikafuata mwaka 2022 kwa vyuo vya England, ikapiga marufuku hata kuitangaza. Hapa Moshi na Arusha matangazo ya "tunaandika ripoti za fildi na risachi" nimeyaona yamebandikwa waziwazi, mengine kwenye milango ya steshenari. Naiomba Tume ya Vyuo Vikuu ilitazame hili kabla ya kutafuta programu nyingine ya kunasa wanafunzi.

Ila dawa kubwa naiona iko karibu zaidi. Msimamizi amwite mwanafunzi, afunge ripoti, amuulize: ofisi ya chama iko upande gani wa barabara? Mzee wa kwanza uliyemhoji alikukatalia nini? Aliyefika atajibu bila kufikiri. Chuo kipige simu kijijini. Namba ya mtendaji na ya katibu wa chama si siri. Na wanafunzi waruhusiwe kuandika mahojiano yao kwa Kiswahili walichoyasikia nacho, angalau kwenye kiambatisho, ili tunaonukuliwa tuweze kusoma tulichosemeshwa.

Kwa upande wetu, bodi ya chama imekubaliana hivi. Mtafiti ataripoti ofisini kabla ya kuanza, atajiandikisha kwenye daftari la wageni, atatembea na mjumbe wetu, na muhuri atagongewa siku anapomaliza kuhoji. Ripoti ikikamilika ataleta nakala moja. Nazisihi AMCOS nyingine za Kilimanjaro, Arusha na kokote wanakopokea wanafunzi zifanye vivyo hivyo. Chuo chochote kinachotaka kujua kama mwanafunzi wake alifika kwetu kitupigie, tutakifungulia daftari na kukisomea jina na tarehe.

Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa,
Kibosho, Moshi Vijijini