Anayekimbia hesabu asikimbilie shahada ya biashara

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niseme na vijana wanaojiandaa kusomea uongozi na usimamizi wa biashara katika vyuo vikuu vya binafsi, pamoja na wazazi watakaowalipia. Wengi huifikia shahada hii kwa kuchuja: udaktari una kemia, uhandisi una hisabati, basi twende biashara, kule ni maelezo tu. Mwaka wa kwanza huwadanganya kwamba hawakukosea, kwa kuwa una utangulizi wa masoko, mawasiliano ya ofisini na kanuni 14 za Henri Fayol za kukariri. Mwaka wa pili takwimu na usimamizi wa fedha huingia, na hapo ndipo watu hukwama.

Huyo Fayol, kwa taarifa yao, alikuwa mhandisi wa migodi aliyeongoza kampuni ya uchimbaji. Mwaka 1916 aligawa shughuli za kampuni katika mafungu sita: ufundi, biashara, fedha, ulinzi, uhasibu na usimamizi. Wanafunzi hulishika la sita na kuyaruka yaliyotangulia.

Masomo yenyewe yameshikana kama mnyororo. Hisabati ya biashara hufungua takwimu, takwimu hufungua mbinu za utafiti, na bila mbinu za utafiti huanzi tasnifu. Upande wa pili, kanuni za uhasibu hutangulia uhasibu wa gharama, nao hutangulia usimamizi wa fedha. Chuo chenye wahadhiri wachache mara nyingi hufundisha somo mara moja tu kwa mwaka. Ukifeli takwimu na sapu, yaani mtihani wa marudio, nayo ikakushinda, unasubiri zamu yake irudi, na tasnifu inasubiri nawe. Alama tano zilizopungua huzaa ada ya kurudia somo, usajili wa muhula wa ziada, pango na nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, iombe ofisi ya udahili mpangilio wa masomo yote muhula kwa muhula, ukionyesha lipi hutangulia lipi na kila moja hufundishwa lini. Omba pia jedwali zima la ada, si karatasi ya malipo ya awamu ya kwanza. Humo tafuta usajili, mitihani, maktaba, usimamizi wa tasnifu, mahafali, na hasa bei ya kurudia somo moja. Chuo kikitoza kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, usilinganishe bei ya krediti moja na ya chuo kingine kabla hujajua zinahitajika ngapi. Mfumo wa Marekani huwa na krediti kama 120 kwa shahada nzima. Mfumo wa Ulaya una 60 kwa mwaka, yaani 180 kwa miaka mitatu au 240 kwa minne, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kujisomea kukiwamo. Krediti ya bei nafuu inaweza kuwa krediti ndogo.

Ithibati nayo isisomwe kwenye kipeperushi. Chuo kuruhusiwa kufanya kazi ni jambo moja, programu yako kutambuliwa ni jingine. Nenda kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia vyuo, uangalie jina kamili la programu, ngazi, kampasi na tarehe ya mwisho ya ithibati. Mihuri ya kimataifa ya shule za biashara kama AACSB na EQUIS ni heshima, lakini vyuo vingi vizuri havina. Kukosa ithibati ya mamlaka ya nchi ndiko kwa kuogopa.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiko kwenye ugonjwa. Chukua biashara yenye gharama za kudumu, zisizobadilika hata mauzo yakibadilika, za 600,000. Bidhaa huuzwa 500 na kila moja hugharimu 300, hivyo kila moja inachangia 200 kulipia gharama hizo za kudumu. Ili isipate faida wala hasara, lazima iuze 3,000. Hadi hapo karibu kila mtu anaweza, kanuni amekariri. Sasa muulize: tukipunguza bei kwa asilimia 10, tuuze ngapi? Wengi hujibu 3,300. Jibu ni 4,000, kwa sababu bei ya 450 huacha mchango wa 150 tu. Punguzo la sehemu moja ya kumi limedai mauzo yaongezeke kwa theluthi. Meneja asiyeliona hilo ataua biashara huku akishangilia foleni ya wateja.

Kosa jingine sugu ni kudhani faida ni pesa iliyopo. Mauzo ya mkopo huhesabiwa kuwa mapato siku mali inapotolewa, hata kama mteja atalipa baada ya miezi mitatu. Uchakavu wa mashine hupunguza faida bila senti kutoka mfukoni. Asiyetenganisha hayo ataisoma taarifa ya mapato vizuri kisha apotee kwenye mtiririko wa fedha.

Anayejijua ni dhaifu atumie wiki sita kabla ya chuo kufungua. Mbili za kwanza ziwe za asilimia, uwiano na milinganyo myepesi. Nne zilizobaki aingize miamala ishirini kwa mkono katika daftari kuu na kuandaa urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, za debiti upande mmoja na za krediti upande wa pili, kisha aanze upya na mingine. Excel ije baadaye, kwa kuwa huficha makosa ya asiyejua anachotafuta. Pande mbili za urari zikikataa kulingana, agawanye tofauti kwa 9: ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, 54 ikaandikwa 45. Isipogawanyika, aigawe kwa 2 na kukitafuta kiasi hicho vitabuni, huenda kimeingizwa upande wa debiti badala ya upande wa krediti.

Mwalimu wa uhasibu