Shukrani kwa dada wa kipimo cha presha

Dada yangu, jina lako sikulishika. Nakumbuka sweta ya bluu juu ya sare na kalamu uliyoichomeka kwenye nywele. Miaka miwili nilikuwa nameza dawa za presha, na kila nikimaliza haja ndogo kichwa kinagonga kama kinatwangwa, moyo unakwenda mbio, jasho linanichuruzika. Niliambiwa ni mawazo. Jirani akasema jini (namsamehe). Wewe uliuliza tu: "Mama, kinauma kabla ya kukojoa au baada?" Ukanipima, ukanituma chooni, ukanipima tena palepale mlangoni, kandambili bado zimelowa. 130 kwa 85 ikawa 210 kwa 120. Ukaziandika zote kwa wino mwekundu, ukampelekea daktari mwenyewe.

Kumbe kwenye ukuta wa kibofu kulikuwa na paraganglioma, uvimbe wa nadra unaomwaga homoni za jamii ya adrenalini, zile zinazopandisha presha, kibofu kinapojikaza. Mara nyingi si saratani. Kipimo cha mkojo uliokusanywa kwa saa 24 kikathibitisha, siti skani ikaonyesha ulipo. Nikapewa dawa za kulegeza mishipa ya damu wiki mbili kabla ya kisu, maana kuugusa bila maandalizi kungeweza kuniua, kisha wakakata kipande cha kibofu. Bado napimwa kila mwaka, kwani huweza kurudi.

Nilirudi kukutafuta, wakasema umehamishwa. Jana usiku niliamka kukojoa, nikarudi kulala. Basi. Asante, dada.