Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, wakubwa wote shikamooni.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu yetu imejifunza mambo mengi ila naomba nikuelezee hili moja kwa sababu ndo limetukaa kichwani. Mwalimu alituonyesha picha ya ufukwe wa Heron Island kule Australia, mawe mapana yamelala yakiinamia baharini, tukabisha karibu wote tukasema hilo ni zege limevunjika. Kumbe ni mwamba wa ufukweni, yaani mchanga wa ufukweni ulioganda ukawa jiwe, na hakuna fundi aliyeumwaga.

Sisi wa Mbeya tumeuelewa kupitia maji moto ya Songwe. Pale maji yanatoka chini na chokaa iliyoyeyuka, kabonidayoksaidi ikishatoka tu chokaa inaganda inakuwa jiwe, hata birika la nyumbani linafanya ukoko mweupe kwa namna hiyohiyo. Sasa kwenye visiwa vya joto mchanga wenyewe mara nyingi ni matumbawe na makombe yaliyosagika, bahari inajaa na kupwa kila siku, maji yanabaki katikati ya chembe, jua linayakausha, gesi inatoka, vijidudu navyo vinachangia, basi aragonaiti au kalisaiti, yaani madini ya chokaa, inaganda na kushikanisha chembe kama simenti. Tena haichukui muda mrefu, miaka michache au makumi tu, ndo maana humo ndani kuna sehemu wamekuta chupa na vyuma vya Vita Kuu ya Pili.

Jambo lililotugusa zaidi, mheshimiwa, ni kwamba mwamba huu unagandia chini ya mchanga. Ukiuona uko nje juani ujue mchanga uliokuwa juu yake umeshaondoka, yaani ufukwe umeliwa au umehama. Ukishakuwa nje unabadilika, ulikuwa mweupe mweupe unageuka kahawia mpaka mweusi kwa sababu ya sayanobakteria, yaani vijidudu vinavyoota juu yake, viumbe wadogo wa baharini wanautafuna, mawimbi yanachimba chini yake unakatika vipande. Unasaidia kuvunja nguvu ya mawimbi, hilo ni kweli, lakini kasa akija kutaga hawezi kuchimba jiwe. Mwanasayansi Mwingereza Darwin aliandika kuhusu ukingo wa mwamba wa mchanga wa Pernambuco, Brazili, mwaka 1841, na watu bado wanabishana ni sababu ipi hasa inayougandisha mwamba wa ufukweni, maana kila ufukwe una mambo yake.

Changamoto zetu sasa. Hatuna lenzi za mkono, asidi ya kupimia chokaa iliisha tukabaki na siki na ndimu, na kati ya wanachama 34 waliowahi kuiona bahari ni wanne tu kwa sababu Dar ni kama kilomita 800 kutoka hapa na nauli wazazi hawaimudu. Tunaomba utusaidie lenzi kumi, asidi, na usafiri wa safari moja ya pwani, chakula tutachangishana wenyewe na unga tutabeba kutoka huku.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.