Nataka glasi zetu mbili zifanane

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka South B, Nairobi. Mwezi ujao mimi na mke wangu tutatimiza miaka kumi ya ndoa, na badala ya kwenda hotelini nimeamua kumwandalia jioni nyumbani, watoto wakiwa kwa nyanya yao. Kinywaji ninachotaka kuweka mezani ni dawa, ile kokteli iliyopata sifa katika mkahawa wa Carnivore kule Lang'ata, kwa sababu ndiyo tuliyokunywa usiku ule aliponikubalia.

Ile ya kawaida hainishindi. Naponda vipande vya ndimu pamoja na sukari, taratibu ili maganda yasitoe uchungu, naongeza barafu na mililita 60 za vodka, kisha natumbukiza kijiti kilichozungushiwa asali, ambacho mnywaji hukikoroga mwenyewe kwa kadiri ya utamu anaoutaka. Shida ni kwamba mke wangu aliacha pombe miaka miwili iliyopita kwa ushauri wa daktari, nami sitaki kabisa kumrudisha huko.

Nimejaribu mara tatu kutengeneza isiyo na kileo. Nilipoondoa vodka na kujazia maji ya soda, nilipata sharubati ya ndimu tu, na asali ikakazana kwenye kijiti kwa ubaridi. Ndipo nikakumbuka kwamba hapa Nairobi jina hilohilo la dawa ni la kinywaji moto cha tangawizi, ndimu na asali, kile ambacho watu huagiza wakishikwa na mafua. Nikachemsha tangawizi iliyotwangwa, nikaichuja, nikayeyusha asali humo ingali vuguvugu, nikaipoza vizuri kabla ya kuimimina juu ya barafu. Hiyo ilinifurahisha mno, kwa maana tangawizi ilishika koo karibu kama kileo chenyewe. Lakini rangi yake ilikuwa ya tope, na kando ya glasi yangu iliyong'aa niliona kinywaji cha mgonjwa, ilhali mke wangu ameshameza dawa za hospitali za kutosha. Mara ya tatu nilipunguza tangawizi. Rangi ikatakata, ukali ukatoweka.

Shangazi, wewe au wasomaji wenzangu wenye ujuzi wa jikoni, nifanye nini ili nipate ukali ule bila weusi ule? Je, tangawizi mbichi iliyokunwa na kukamuliwa bila kuchemshwa ingefaa zaidi?

Tena kuna hili linaloninyima usingizi. Yeye huniambia nisijinyime kwa ajili yake, na nikiacha vodka usiku huo nahofia atajiona mzigo. Nikiinywa, nahofia kwamba tutaketi meza moja kila mtu na sherehe yake. Moyo wangu unaelekea kunywa kile atakachokunywa yeye, ila sijui kama nimwambie mapema au nimimine tu kutoka jagi moja bila kusema neno.

Msomaji wako,
South B, Nairobi