Shangazi, mashine haikuua mayai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa, maana miwani yako iko kwa fundi tangu mwaka jana. Anayekusomea asiruke pale ninapojisema.

Nimeshaambiwa na watu watatu kwamba kila penye shughuli unasema ile mashine ya kupigia keki aliyokuletea mwanao kutoka Maskati inaua mayai. Nilipokuja juzi nikaiona juu ya kabati, imevishwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, jirani na vile vikombe visivyonywewa chai. Wewe umerudi kwenye bakuli na waya wako wa kupigia mayai, na bega linakuuma. Hilo bega ndilo lililonifanya niandike, tena hadharani, kwa sababu mashtaka nayo ulitoa hadharani.

Mkate wa mayai wa Idi niliuua mimi.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa mlangoni unagombana bei na muuza samaki. Nikatoa mayai manane kwenye friji, baridi vilevile, nikavunja, nikamimina kikombe cha sukari, nikawasha mashine namba ya mwisho. Nilitaka urudi ukute maajabu. Na kweli, kwa dakika chache mayai yakapanda, yakawa meupe, nikaona nimeshafuzu. Bila kuzima, nikamwaga kikombe kizima cha unga kwa mpigo mmoja. Shangazi, niliona kwa macho yangu rojo likishuka bakulini kama maji ya bahari yanavyokupwa. Uliporudi ukauliza, "Mbona jepesi hivi?" Nikakujibu kwamba mashine ndivyo inavyofanya. Mkate ukatoka umelala kama chapati, na mashine ikabeba lawama.

Unajua kuliko mimi kwamba mkate wa mayai hauna hamira wala beking pauda. Kinachouinua ni hewa tu, ile unayoifungia ndani ya mayai. Ukiyapiga, protini za yai zinafumuka na kushikana upya kuzunguka vipovu, na sukari inaufanya uji ule uwe mzito ili vipovu visipasuke upesi. Ukiutupa unga wote humo huku nyaya bado zinazunguka kwa kasi, unavipasua vyote ulivyovijenga. Mwendo nao una mambo yake. Namba ya mwisho inapandisha haraka, lakini vipovu vyake ni vikubwa na havilingani, kama povu la sabuni ya kufulia, vinapasuka ukiviangalia. Mwendo wa kati unachelewa, pengine dakika kumi, ila povu lake ni laini na linavumilia. Friji nayo ilichangia. Yai zima la baridi ni zito kuumuka. Mayai yako ya zamani yalitoka bandani yakaingia bakulini, hayakujua friji ni nini.

Sasa nikukumbushe mkono wako. Tulipokuwa wadogo ulitupanga watoto wanne kibarazani, tukipokezana waya mpaka mikono inakufa ganzi. Lakini ilipofika zamu yako, mkono wa kulia ulipiga na mkono wa kushoto ulikuwa unazungusha bakuli kidogo kidogo, upande wa pili. Hakuna yai lililobaki pembeni. Mashine inafanya hayohayo: kile chombo cha nyaya kinachofanana na dema dogo la kutegea samaki kinajizungusha chenyewe kuelekea huku, na papo hapo kinalizunguka bakuli kuelekea kule. Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja wa kampuni ya Hobart, Herbert Johnston, huko Ohio, Marekani, alimwona mwoka mikate akihangaika na donge kwa kijiko cha chuma mwaka 1908, akaenda kubuni mashine. Zilianza kubwa kubwa, za viwanda vya mikate. Ya nyumbani, KitchenAid, ilitoka 1919. Angekuona wewe na bakuli lako pale kibarazani, nadhani asingehangaika sana kufikiri.

Kitu kimoja mashine haina, nacho ni ile alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, mstari mmoja ulionyooka. Ulikuwa unainua waya, unaandika alifu juu ya rojo kwa mchirizi unaodondoka, halafu unatuambia tuhesabu. Ikizama kabla ya kumi, tunaendelea kupiga. Ikikaa, basi. Mimi siku ile sikuandika alifu. Niliangalia rangi tu, nikaridhika.

Na usije ukaishusha kabatini kwa ajili ya mayai mawili ya kukaanga. Mayai machache hukaa chini kabisa ya bakuli na nyaya haziyafikii vizuri, utasikia kelele tu. Kwa hayo uma unatosha.

Ijumaa baada ya laasiri nakuja na trei ya mayai, na nyumbani kwangu yatakuwa yameshakaa nje ya friji tangu asubuhi. Bakuli lifute kwa ndimu kama kawaida yako, mimi sibishani na ndimu. Iliki twanga wewe, maana ya pakiti hutaitaka. Tutapiga kwa mwendo wa kati, tutainua kichwa cha mashine, tutaandika alifu. Ikikaa tunazima, bakuli linatoka, na unga utauchekecha na kuuchanganya wewe mwenyewe kwa mwiko, kidogo kidogo, ukifunua kutoka chini kuja juu. Mimi sitagusa. Kazi yangu itakuwa kupalia makaa juu ya mfuniko.

Kile kitambaa cha kudarizi kirudishe kwenye redio, kilikuwa kinapendeza pale.

Mwanao wa kaka yako